Mke wa Perege wa Kisimani

Bi Mwatum, mkulima wa mpunga wa Gando, hakupata kuamini maji ya kisima kisicho na perege. Kwao kisima kikishachimbwa hutiwa samaki huyo wa mtoni, ale viluwiluwi vya mbu. Cha kwake kilibakiwa na dume mmoja tu, mweusi, mwenye wekundu kwenye ncha za mapezi. Majike walikwishakufa, na dume peke yake haachi kizazi.

Mtoni nako perege halisi walikuwa wameadimika. Watu wa mradi wa kufuga samaki walikuja na fulana zao na vipaza sauti, wakamwaga sato wa kigeni kwenye mabwawa ya bondeni, wakapigiwa makofi, wakaenda zao. Mvua ya kwanza kubwa mabwawa yakafurika. Sato wakaingia mtoni, wakala, wakazaa, wakachanganyika na perege mpaka hujui nani mwana wa nani. Nani alijali? Samaki ni samaki, walisema, ilimradi sufuria imejaa!

Mwatum alijali. Kila alipotoka kupalilia alitanda kanga kijitoni kama wavu, na kila samaki aliyemwinua alikuwa na mistari mkiani, alama ya sato.

"Dada, weye umekuwa mshenga wa samaki?" alimcheka kaka yake, Talib, aliyemshikia ncha ya pili ya kanga.

"Namtafutia mke. Weye ulipotafutiwa, nani alicheka?"

"Walicheka wote, tena mbele yangu!"

Asubuhi moja, chini ya mikindu, kanga ikainua jike. Mkia safi, hauna mstari hata mmoja. Mashavu yamemvimba.

"Huyu ana jino bovu," alisema Talib.

Mwatum hakumsikia. Alikwishamtia ndooni, anakwenda nusu mbio, anasoma Alhamdulillahi.

Kisimani akafanya alivyofunzwa na mama yake: samaki haingii kwenye maji ya kunywa na tope la mto. Akamsuuza, akamminya mashavu mpaka maji yakatoka meupe, akayamwaga migombani. Kisha akamshusha taratibu.

Alipogeuka, kuku walikuwa wanadonoa pale palipolowa. Punje za manjano, kama mtama. Mwatum akapiga ukelele, akawafukuza, akapiga magoti kwenye tope. Jike wa perege huatamia mayai mdomoni. Hilo alilijua tangu udogoni. Furaha ilimsahaulisha. Alizoa punje chache zilizopasuka, akabaki nazo kiganjani, hana pa kuzipeleka.

Kesho yake jike alielea, tumbo juu.

"Pengine yuko mwengine, dada," Talib alisema, safari hii bila mzaha.

Walishuka wakatanda kanga. Wakapata sato, tena wanono. Mwatum akawarudisha majini, akaikamua kanga, akajifunga, akaingia kwenye mpunga wake. Talib alimngojea pale kijitoni watande tena, hata jua likapanda. Mwatum hakuinua kichwa.