Mvumo wa Amplifaya ya Solo

"Safari hii ama zangu ama zake," Solo alisema Jumapili mchana, akiilaza amplifaya kifudifudi juu ya meza ya kulia chakula. "Nikishindwa, naipiga bei. Na gitaa linakwenda hukohuko."

Mkewe aliwahi kutandika gazeti chini yake kabla meza haijachubuka, kisha akashika tochi. Miaka yote ya ndoa yao amelilalamikia sanduku lile, kwamba zito, kwamba linakula nafasi, kwamba linawaamsha watoto wa watu. Lakini siku hizi kila akisikia "naipiga bei", moyo unamlipuka paa!

Kwa kazi, Solo ni fundi bodi, mnyoosha magari yaliyobonyea. Kutwa nyundo na bati, bati na nyundo. Jina hilo alipewa na wenzake wa bendi kwa kuwa ndiye mpiga gitaa la solo, na likamganda hata pale karakana hakuna anayemjua kwa lingine. Ukimkuta hana gitaa ni mtu wa kawaida kabisa, mkimya, kucha nyeusi kwa grisi. Akilishika, jamani! Watu waliokuja harusini kwa ajili ya kula tu husahau sahani zao.

Amplifaya yenyewe ni ya zamani, zile za taa. Ndani ina vichupa vya kioo ambavyo ukiwasha vinakoka polepole kama makaa, na sauti inatoka nene, imeiva. Fundi wa mwisho kuigusa aliirudisha ikiwa na skrubu mbili pungufu pamoja na ushauri wa bure kwamba mwenyewe anunue mpya. Tangu hapo Solo anaihudumia kwa mikono yake, na wala si kwa kubahatisha. Anajua kwamba hata ukichomoa plagi, umeme unabaki umejificha mle kwenye kapasita, unakungoja wewe. Kwa hiyo kwanza unaumwaga, kwa bisibisi ya mpini wa plastiki iliyofungwa waya hadi kwenye bodi ya chuma, na mkono wa pili uko nyuma ya mgongo, mguu upande. Hilo halina mjadala.

Sasa, mwezi mzima ilikuwa inavuma. Ndivyo alivyosema yeye. Uuuuu, mfululizo, hata gitaa halijachomekwa. Akabadilisha kapasita zote kubwa. Ikavuma. Akasugua soketi za taa kwa spiriti na mswaki wa zamani, mswaki ambao mkewe anaapa haukuwa wa zamani hata kidogo. Ikavuma. Akakaza waya wa ethi, wapi! Mazoezini akaacha kwenda. Aliwaambia wenzake hawezi kupanda jukwaani na chombo kinachomlilia sikioni namna ile.

Tatizo ni kwamba mkewe hakusikia kitu. Mwanzoni alijilaumu mwenyewe, labda ni cherehani, maana hushona sare za shule mlemle sebuleni. Kisha akaanza kuunganisha mambo. Ile "nini?" anayojibiwa kila akimwita. Televisheni inayofunguliwa mpaka jirani anafuatilia taarifa ya habari akiwa kwake. Birika linapiga mbinja, Solo kakaa pembeni yake, hana habari. Akaelewa, na alipoelewa akaogopa kwelikweli. Amplifaya ina vipuri vya kubadilisha, mume hana. Amwambieje? Kila jioni alipiga moyo konde, na kila jioni alimwona alivyoinamia kazi yake kwa matumaini, ulimi ukawa mzito.

Jumapili hiyo zilikuwa zimebaki taa tu. Solo alizichomoa za zamani, akafungua soksi alimohifadhi mpya, akazipachika moja moja, kwa upole ambao bati halijawahi kuupata kwake. Akawasha. Wakangoja zipate moto.

"Haya. Unasikia?"

"Sisikii, baba."

"Usinionee huruma, mama. Sema kweli."

"Kweli tupu. Sisikii."

"Basi masikio yako yamejaa nyuzi." Akazima, akachomoa plagi, akamwaga umeme, akainama tena na kutega sikio.

Siku nyingine hapo cherehani ingekuwa inakwenda mbio, na Solo asingejua kipi ni kipi. Jumapili hiyo cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nyumba nzima ilikuwa kimya.

"Bado inavuma," Solo alisema.

Plagi alikuwa ameishika mkononi.

Akaitazama. Akamtazama mkewe. Akaitazama tena. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, na mvumo badala ya kupungua ukazidi. Akavuta kiti, akakaa.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki kadhaa."

"Na ukaniacha nibadilishe kapasita zote?"

"Si ulisema zimezeeka?"

Solo alitaka kucheka. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mimi bila kusikia ni nani? Eh? Niambie."

"Ni mume wangu. Na unasikia, sema unasikia na vingine visivyokuwepo." Akamshika bega. "Niliogopa, ndiyo maana nikanyamaza. Nisamehe. Kesho tunakwenda kwa daktari wa masikio, wote wawili, na hilo usinibishie."

"Nitaiuza."

"Uiuze ina kosa gani? Nzima ile! Halafu hata hujaimaliza."

Na kweli ilikuwa haijakwisha. Ukibadilisha taa, kuna skrubu ndogo kwa nyuma, inayozungushwa mpaka mvumo mdogo wa amplifaya yenyewe, usiosikika kwa mbali, uzame. Haina kipimo zaidi ya sikio. Solo hajawahi kuacha kazi nusu, hata ya mteja msumbufu. Akarudisha kifuniko, akawasha, akaweka bisibisi kwenye skrubu. Angejuaje uuuuu ipi ni ya amplifaya na ipi ni yake?

Mkewe hakungoja kuombwa. Alipiga magoti, akabandika sikio kwenye kitambaa cha spika.

"Zungusha. Ee, sasa nausikia, upo. Endelea... umepitiliza, rudi. Kidogo tu, una haraka gani? Hapo!"

"Una hakika?"

"Hapo, nimeshasema. Kimya kabisa."

Kwake yeye Solo kulikuwa kunavuma vilevile. Alikaa na bisibisi pale kitambo, vidole vinamwasha kuizungusha tena. Kisha akaiondoa.

Jioni alimpigia simu kiongozi wa bendi, akiwa ameibana upande wa sikio linalosikia vizuri zaidi.

"Imepona?" kiongozi aliuliza. "Ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu," Solo alisema. "Ni masikio yangu, kaka. Yanaondoka."

Kiongozi akauliza, kwa sauti ya chini, kama mazoezini atakuja.

"Nini?"

Akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Nakuja," alisema Solo. "Ila wekeni viti viwili. Nakuja na mke wangu, ndiye atakayeniambia kama nimepiga sawa."