Imondo Niliyotafuna Lugari

Manyoya ya kuku yakiungua, harufu yake haina adabu. Inaingia bila hodi, inakaa kwenye nguo, inakaa kwenye nywele, ukilala unalala nayo. Juzi jirani yangu hapa Lurambi alikuwa anababua kuku kwenye moto wa mabua, na mimi niko mlangoni nachambua mrenda, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu, yule aliyesoma mpaka chuo kikuu, na nikisema hivyo shingo inanyooka yenyewe, mnisamehe. Yeye na mumewe wanaenda likizo ya Krismasi mbali, wamekodi chumba chenye jiko.

"Kukhu, tutakuwa wawili tu, na mfuko si mzito. Watu wawili wanapikanga nini Krismasi?"

Hasira ikanipanda pale pale, na mtoto wa watu hajanikosea hata kidogo. Nikamwambia anunue maharagwe, nikakata simu. Yeye nitamweleza akirudi. Nyinyi nawaambia sasa.

Nilikuwa bado naota meno ya mbele. Kwetu ni Iguhu, na baba yangu alikuwa amekufa mwaka ule mvua ilipoanza. Ndugu yake, baba mdogo Shivachi, alikuwa na wake wawili na suruali moja ya maana, na bado alimtaka mama yangu. Alimtaka pamoja na shamba la migomba, pamoja na ng'ombe, pamoja na kiti cha baba. Siku hizo mjane kwetu alikuwa kama jembe: mwenye jembe akifa, ndugu analiokota. Hakuna mtu anayeuliza jembe linasemaje.

Ukoo ukapanga mambo yaishe Krismasi, watu wote wakiwa nyumbani. Kuku angechinjwa kwa mama, mama angempakulia Shivachi imondo mbele ya wazee, basi. Kwa nyinyi msiojua, imondo ni firigisi, na kwetu haikuwa nyama ya kila mdomo. Ilikuwa ya mwenye nyumba. Mwanamke aliyeipoteza kwenye chungu alirudishwa kwao akaeleze ilienda wapi. Na mjane akimpa mwanaume imondo mezani pake, shahidi wa ukoo akiona, huyo mwanaume amekuwa mwenye nyumba. Harusi yote iko kwenye kipande kinachotosha kiganja.

Mama hakubishana. Alisema "Sawa." Kumbe alikuwa ameshapata kibarua Lugari, kwa familia iliyokuwa inaenda kwao Butere kwa sikukuu ikamtaka mtu wa kulinda mahindi ghalani. Tukapanda basi mchana kweupe, mimi nimepakata kikapu, na ndani ya kikapu kuku wetu mwekundu, kichwa nje, anatazama njia kama aliyelipa nauli.

Tulipewa kibanda cha jikoni, uwanja wenyewe tambarare, mahindi yamevunwa, unaona mtu akiwa bado ukubwa wa sisimizi. Mama akaketi juu ya gunia akapanga chakula chetu cha sikukuu, na mpango ule ningeusimamisha mbele ya mpishi yeyote wa hoteli. Maharagwe yachemshwe mara moja tu, kuni zisiishe. Siku ya kwanza tutayala na mahindi. Yanayobaki yapondwe na viazi vitamu, yawe mushenye, na mushenye ikilala inakuwa tamu zaidi. Mboga hatununui: mrenda unaota kwenye ua, majani ya kunde yako nyuma ya ghala, chumvi ya majivu tumekuja nayo. Kuku ni wa Krismasi, lakini hataliwa kwa pupa. Kwanza mchuzi, kichwa na miguu, matumbo yamezungushwa miguuni. Kifua kesho yake. Mgongo wa mwisho.

"Nyumba ya watu wawili haina makombo," alisema. "Makombo ni ya wenye wageni."

Kuku huyo alikuwa wangu, mjue. Mama mwenyewe alikuwa amelelewa kwamba mwanamke hali kuku. Anamkamata, anamchinjisha, anamnyonyoa, anampika, anamchukulia mwanaume, halafu anarudi jikoni kulamba kidole kilichoungua. Hakuwahi kula kuku maisha yake yote. Mpango wote ule ulikuwa wa tumbo langu.

Krismasi ikafika. Kanisani ng'ambo ya shamba ngoma zililia tangu asubuhi, nikiwa nimekaa mbele ya chungu kama polisi. Mchuzi ulikuwa umeanza kuvimba na kutoa yale macho ya mafuta wakati mama alipotoka kumwaga maji, akasimama. Nikatoka nikasimama naye. Uwanjani, mbali, watu wawili wanakuja. Mmoja anasukuma baiskeli. Nilijua ile suruali.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja mwenyeji azikwe.

Mama alirudi ndani, akafunua chungu, akazamisha mwiko. Akatoa imondo. Haikuwa imeiva. Akaipuliza, akaipuliza tena, mchuzi ukamwagika kwenye moto.

"Fungua mdomo."

Nikarudi nyuma. Tuliambiwanga msichana akila imondo anaota ndevu.

"Mama, ndevu!"

"Ukiota nitazinyoa. Tafuna, Muhonja. Tafuna, na usiteme."

Ilikuwa ngumu kama kandambili. Nilitafuna, machozi yananitoka kwa moto wake, wageni wanavuka uwanja, mimi natafuna, wanaegemeza baiskeli ukutani, natafuna. Shivachi aliingia akiinama, nyuma yake mzee mmoja wa ukoo mwenye koti la mvua, na jua lilikuwa linawaka.

"Mulembe, mke wetu," Shivachi alisema. "Ulidhani Lugari ni Ulaya? Krismasi imekufuata."

"Mulembe. Karibuni," mama akasema.

Na akawapa heshima yote, asije mtu akasema hakujua. Aliwanawisha akiwa amepiga magoti. Akasonga obusuma, ugali mpya wa moto. Akapakua kifua, mapaja, shingo, mchuzi mpaka ukingoni. Mpango wetu wa siku zote nikauona unaingia kwenye bakuli la mtu aliyekuja mikono mitupu. Mzee alishambulia paja mara moja. Shivachi hakula. Alishika kijiko akawa anatafuta, anageuza nyama huku na huku kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mke wetu. Imondo iko wapi?"

"Muulize mwenye nyumba," mama akasema.

"Mwenye nyumba yupi?"

Mama akanielekeza kwa kidevu. Wakageuka. Shavu langu lilikuwa limevimba kama la mwenye jino bovu. Nikameza. Kila mtu alisikia.

"Umempa msichana!" Shivachi alisimama, kichwa kikagonga boriti. "Umempa kitoto cha kike imondo ya ndugu yangu! Wewe mwanamke una wazimu?"

"Ndugu yako alimwacha huyu," mama akasema. "Hakuniachia mwingine."

Shivachi akainua mkono ampige. Mzee aliweka mfupa chini, akafuta vidole kwenye koti, polepole.

"Shivachi, ushushe huo mkono. Mimi nimeletwa kuona, na nimeona. Mwenye nyumba ameshakula. Twende."

Mkono ulishuka, lakini mguu ukapanda. Akapiga teke bakuli lake, akapiga na chungu, kuku wetu akatawanyika kwenye majivu. Wakaondoka. Nililia kama mtu aliyefiwa, na niliyemlilia ni kuku.

Mama aliokota vipande kimoja kimoja. Akavisuuza, akanipa vyangu. Halafu akavuta kigoda walichokalia wanaume, akakaa, akachukua mgongo, majivu bado yamenata kwenye ngozi, akala. Alikula taratibu, akavunja mifupa, akanyonya uboho. Nilimtazama mdomo wazi. Sikuwahi kuona mwanamke mzima akila kuku.

Nilidhani anaogopa kuharibu chakula. Basi hivyo ndivyo nilivyoelewa, na kwa miaka mingi niliwasimulia watoto wenzangu kwamba mama yangu alikuwa bahili wa kuku.

Waliikata migomba yetu yote Iguhu. Paa la nyumba ya baba walilishusha, ng'ombe akaenda kwa Shivachi. Shule mimi nikaiachia hapo, maana mama alibaki Lugari akilimia watu mpaka mgongo ukapinda, na mpaka wa leo kuna mashangazi zangu wanaokaa kanisani kiti cha mbele na kusema, "Kama angekubali tu." Angekubali nini? Semeni kwa sauti, nyinyi mashangazi. Angekubali nini?

Nilielewa siku niliyoolewa, nilipompakulia mume wangu kuku wa kwanza, nikashika ile imondo kwenye mwiko, nikajikuta naipuliza, naipuliza tena, kama mama. Pale ndipo nilijua mama hakuwa anatupangia chakula tu, alikuwa amenipa nyumba nikiwa na mapengo mdomoni. Na yeye alipokaa kwenye kile kigoda na kula, mwanamke aliyefundishwa maisha yote kwamba mdomo wake haustahili, hakuwa anaokoa nyama. Alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa tangu azaliwe, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.