Ufunguo wa Gradi

Parfait hakuwa mjinga, tuelewane hapo kwanza. Wapo watu pale Base Camp, Nakivale, ambao mpaka leo wakimtaja wanacheka, eti alimkaribisha mwizi ndani ya kompyuta na kumpa kiti. Wacheke tu. Wengi wao CD ile ile iliyomleta mwizi waliiingiza katika mashine zao na kumshukuru aliyeileta.

Alikuwa mtu wa Uvira, Kivu ya Kusini, na pale Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, kazi yake ilikuwa sekreteria: kibanda cha mabati, kompyuta moja, printa yenye tabia ya kutafuna karatasi, na sola juu ya paa. Ukitaka barua ya kupeleka ofisini, picha ndogo za pasipoti, au nyimbo za kwaya kwenye flashi, ni kwa Parfait. Mke wake Sidonie alikaanga mandazi mlangoni, na waliokuwa wakingojea printa iache ukaidi wake ndio waliokuwa wanunuzi wake wakubwa.

Lakini ukitaka kujua kilichomuumiza Parfait, anzia kwa baba yake, mzee Bonaventure. Kabla ya vita mzee huyo alikuwa na sanduku la posta pale Uvira, sanduku moja kwa ukoo mzima, na kila mtu mzima wa nyumba alipewa ufunguo wake. Kuwa na ufunguo ndiko kulikuwa kuwa mtu wa nyumba ile. Siku moja mdogo wake mzee, Constantin, akauza shamba la ukoo bila kuuliza mtu. Bonaventure hakupiga kelele wala hakuita kikao. Alikwenda posta akabadilisha kufuli. Constantin alipofika akajaribu ufunguo wake, akaugeuza huku na huku, akaelewa. Hakuuliza neno. Akaenda zake Kalemie, na hata kaka yake alipofariki hakuja kuzika. Parfait na mdogo wake Gradi walikuwa watoto wakati huo, na walikua wakijua hivyo: kwao mtu hafukuzwi kwa matusi, anafukuzwa kwa kufuli.

Vita ikafagia nyumba, posta na wazee. Waliobaki ni wale ndugu wawili, wakafika Nakivale wakiwa na nguo walizovaa. Parfait akajifunza kompyuta. Gradi akalima mahindi, akachoka na mahindi, akaanza kuimba wimbo wa kwenda Afrika Kusini asubuhi na jioni. Kaka akakataa. Siku Gradi alipofunga mkoba, Parfait alimfokea mbele ya majirani: "Basi enda! Na usirudi kwangu tena!" Maneno ya hasira, unajua. Yanatoka mdomoni mepesi, halafu yanakaa tumboni mwa aliyeambiwa.

Sasa, ndugu hawa walikuwa na anwani moja ya barua pepe, yao wote wawili. Waliifungua mjini Mbarara enzi za amani kati yao, na neno la siri lilikuwa namba ya sanduku la baba yao. Hawakutumiana barua. Nani amtumie nani, na sanduku ni moja? Mmoja aliandika akaacha maneno yake kwenye rasimu bila kuyatuma. Mwingine akiingia, anayakuta. Baada ya ugomvi Parfait alifungua kila Jumapili akakuta patupu. Aibu ilimzuia kuandika wa kwanza, maana yeye ndiye mkubwa. Mwaka ukazunguka. Halafu Jumapili moja akakuta mstari mmoja tu, Gradi akimwita kaka kwa neno la kwao: "Yaya, naona funguo yangu ingali inaingia."

Parfait alilia pale pale kwenye kiti, wateja wakimtazama. Akamjibu, akamwomba radhi, mkubwa kwa mdogo. Tangu siku ile Gradi kila alipofika mji wenye saiba, duka la intaneti, aliacha maneno: yuko Mbeya, amefika Malawi, anapakua mizigo Lilongwe, simu imeibiwa. Simu nyingine hakupata. Hata laini ya Parfait ilizimwa mwaka ule laini zisizosajiliwa zilipozimwa, na namba yake mpya aliiandika humo humo kwenye sanduku, maana Gradi asiye na simu hakuwa na pa kuiweka ila humo. Hapakuwa na fasi nyingine duniani ambapo wale watu wawili wangeweza kukutana.

Sasa tuje kwenye hiyo kompyuta. Pale Base Camp mteja akija na flashi humkatalii, kama vile humkatalii mgeni maji. Kwa hiyo mashine ya Parfait ilikuwa imeokota kila ugonjwa uliopita njia ile. Mafolda yalikuwa yakigeuka kuwa vijialama visivyofunguka, na watu walidhani yeye ndiye anayewaharibia flashi zao. Mteja mmoja akamletea CD kutoka Mbarara: antivairasi ya bure, ya milele, pamoja na kiprogramu cha kuvunja kufuli yake ili isidai leseni. Maelezo yalisema: kabla ya kuanza, zima ulinzi wowote uliopo, kwa sababu utapiga kelele za uongo. Parfait akauzima. Ni sawa na mtu anayefunga mbwa wake kwa sababu mgeni amesema mbwa anamtazama vibaya. Lakini mafolda yalipona! Ndiyo sababu hakushuku kitu, akawanakilia CD ile na wenzake.

Kitu kilichokuja na kile kiprogramu hakikuwa na haraka. Siku za kazi kompyuta haikuwa na intaneti, kikalala. Jumapili Parfait alipochomeka modemu atafute habari za Gradi, nacho kikaamka. Taa ya modemu ikawa inapepesa hata yeye akiwa hagusi kitu. Bando likawa linakwisha kabla ya wakati, akailaani kampuni ya simu.

Aliyeona ni Sidonie. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, Parfait kasimama mlangoni na kikombe cha chai, mke wake ndani anapangusa meza.

"Baba Orpa," akaita polepole kwa jina la mtoto wao, "mukono yako iko fasi gani?"

"Iko hapa, nakunywa chai. Mbona?"

"Basi nani anaendesha hii kitu?"

Parfait akageuka. Mshale ulikuwa unatembea wenyewe kwenye kioo. Ulikwenda bila kusitasita mpaka kwenye barua pepe, ukaifungua, ukashuka kwenye rasimu, ukafungua maneno ya Gradi moja baada ya jingine. Sidonie akafanya ishara ya msalaba. Parfait akaruka mpaka mezani, akaing'oa modemu kwa nguvu mpaka waya wa kipanya ukaja nayo. Mshale ukasimama. Jamani, alisema baadaye, ni kama kumkuta mtu usiyemjua amekaa kitandani kwako anasoma barua zako, na hata uso hana umpige kofi.

Akaifunga mashine kwa kitenge cha mke wake, akaipeleka Mbarara kwa Sulaiman, fundi mwenye duka karibu na soko, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi.

"Ssebo, bwana, hii komputa iko na mtu ndani," Sulaiman alisema baada ya kuipekua.

"Mutu gani?"

"Simjui. Na yeye hakujui. Vairasi ya kawaida inaharibu, unaiona. Hii haiharibu. Imekutobolea mlango wa nyuma, inanyamaza. Ukiweka intaneti, inampigia aliyeituma: njoo, mwenye nyumba amerudi."

Aliiwasha kwa ile njia ya tahadhari, ambapo Windows huamka na vitu vichache tu na bila mtandao. Akamwonyesha programu moja iliyojiita jina la kiserikali kabisa, kama askari wa Windows, lakini ilikuwa ikiishi kwenye folda la takataka za muda. Akaiua. Akawasha upya. Ikarudi. Akaua, akafuta na amri iliyokuwa ikiiamsha kila asubuhi, akachunguza diski nzima kwa CD safi kutoka mashine nyingine, ikakamata na ndugu zake. Hata hivyo akatikisa kichwa.

"Mtu akikaa ndani siku nyingi, sijui ametoboa madirisha mangapi. Dawa ya kweli ni kubomoa. Tunatoa picha na barua zako tu, programu hata moja hatubebi. Tunafomati, tunaweka Windows mpya, na antivairasi kutoka kwa wenyewe, si ya CD ya barabarani."

"Bomoa," Parfait akasema.

"Kale, sawa. Halafu kaa hapa kwa komputa yangu, ubadilishe neno la siri la barua pepe. Leo. Kila ulichoandika kule amekiona."

Hapo Parfait akasogeza kibodi pembeni. Sulaiman akamtazama kama mgonjwa anayekataa sindano ya mwisho.

"Siwezi," Parfait akasema. Akamweleza habari za sanduku, baba, Constantin, ugomvi. Akaeleza vibaya, maneno yanakanyagana. "Nikibadilisha, mudogo wangu atafika, atajaribu, itakataa. Atafikiri ni mimi nimemufungia."

"Si umwandikie kwanza?"

"Nimuandikie fasi gani? Ni humo humo! Ili asome, lazima aingie na neno la zamani."

Sulaiman akakuna ndevu. Hilo halikuwemo katika ufundi wake.

Mwishowe Parfait aliandika kwenye rasimu: "Mudogo wangu, mwizi ameingia kwetu. Nataka kubadilisha neno. Neno mpya ni jina la mbwa wa mama, yule wa Uvira. Ukisoma hii andika NIMEONA, ndipo nitabadilisha." Mwizi asingelijua jina la mbwa yule hata angepekua dunia. Ilikuwa akili nzuri. Ila ilitaka Gradi awahi.

"Unamngoja mwizi akupe ruhusa," Sulaiman akasema. "Badilisha, ssebo. Nakuomba."

"Nitangojea kidogo. Nilishamufukuza mara moja kwa mudomo. Sitamufukuza kwa kufuli."

Kompyuta ikarudi Nakivale safi, nyepesi, inafunguka kabla hujakaa vizuri. Watu wakaisifia. Parfait aliacha kuchomeka modemu humo, akawa anafunga safari mpaka Mbarara kwenda kuangalia kwa Sulaiman. Safari ya kwanza maneno yake yalikuwepo, na chini yake hapakuwa na kitu. Ya pili vivyo hivyo. Gradi alikuwa barabarani bado.

Safari ya tatu aliandika namba ya sanduku la baba yake, akabonyeza, yakatokea maandishi mekundu: neno hili la siri lilibadilishwa juzi.

Akaandika tena, kidole kimoja kimoja. Yale yale.

Sulaiman alivuta kiti, akajaribu kila alichokijua. Maswali ya siri yalikuwa yamekwisha kubadilishwa. Wakaomba kwa kampuni ya barua pepe, wakajieleza kwa Kiingereza cha Sulaiman, na siku kadhaa baadaye likaja jibu la mashine: maelezo yenu hayatoshi. Wakaomba tena, jibu lile lile. Hapakuwa na mtu wa kumwendea, hata wa kumpigia magoti. Mwizi yule alitaka anwani tu, auzie uongo wake. Sanduku la Bonaventure kwake lilikuwa sanduku kama mengine.

Parfait akaulizia kwa kila anayejua mtu aliye njia ya kusini. Hakuna aliyemwona Gradi. Sidonie alijaribu kumfariji siku moja, mandazi yanaiva, printa inatafuna karatasi ya mtu.

"Atajua si weye. Mudogo wako ana akili."

"Atajua kwa nini?" Parfait akamjibu. "Ile komputa itamuambia neno limebadilishwa. Haisemi nani amebadilisha. Funguo ilikuwa ya bantu babili, Mama Orpa, yeye na mimi. Sasa atafikiri nani?"

Sidonie akageuza mandazi. Naye alikuwa mke wa nyumba ile, habari za Constantin alizijua.

Mpaka leo akienda Mbarara hupita kwa Sulaiman, huandika ile namba, hutazama yale maandishi mekundu, huondoka. Kinachomla si kwamba Gradi labda amekufa njiani. Hilo angelililia likaisha. Anachokiona yeye ni saiba katika mji fulani huko chini, na mdogo wake ameketi, anaandika namba ya baba yao, inakataa. Anaandika tena, inakataa. Halafu anasimama, anamlipa mwenye saiba, na anatoka nje bila kuuliza neno.