Kigari Kilichokataa Neon

Yaya, dada yangu mkubwa, alifundisha umeme katika shule ya ufundi hapa Kalemie, na wanafunzi wake walishindanisha vigari vidogo vinavyojiendesha. Cha kwake kiliwashinda wote. Alikuwa ametoa kijicho ndani ya kipanya cha kompyuta, kile kinachotazama upesi kuliko jicho la mtu, akakifunga mbele ya kigari ili kifuate utepe mweusi sakafuni. Nilimwambia aache. Watu wanakimbia vita njia ya Nyunzu, naye anachezea nyaya! Hakunisikiliza, kama kawaida yake.

Basi askari wakamkamata nacho. Nilipoitwa kambini nilimkuta ameketishwa chini, kigari kiko mezani, na hakuna aliyetaka kukigusa. Komanda alisema ni bomu. Kama ni mchezo kweli, kijiendeshe mbele yake. Kikishindwa, Yaya atapandishwa ndege ya wafungwa siku hiyohiyo. Waliopandishwa ndege ile hatukuwaona tena.

Yaya alibandika utepe kwenye saruji, akakiwasha. Kikatetemeka, kikaenda kombo, kikagonga ukuta. Askari mmoja akakoki bunduki. Nilimkasirikia Yaya hata nikasahau kuogopa.

"Njo hii neon," alisema, akionyesha taa ndefu ya darini. "Inazimika na kuwaka mbiombio. Sisi hatuone, kigari kinaona. Komanda, muzime taa. Mufungue dirisha."

Nilitamani kumziba mdomo. Madirisha yale yalifungwa kwa mbao tangu risasi zianze kusikika upande wa mlimani, na sasa mtu wa bomu anawaomba askari wazime taa na kufungua! Komanda alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Kukitokea kitu," aliniambia, "wewe njo wa kwanza."

Akaamuru wafungue.

Mwanga wa ziwani ukaingia. Kigari kikaondoka kwa kasi, kikakata kona, kikasimama pale utepe ulipoishia, mbele ya kiatu cha Komanda. Askari walicheka, na yule wa bunduki akapiga makofi.

Komanda hakucheka. Alichuchumaa, akakichunguza.

"Mama, unaweza kwenda," alisema. "Lakini uniambie kwanza. Hii inaweza kubeba kilo ngapi?"

Kicheko kikakatika. Yaya alikiokota kwa mikono miwili, akakiinua juu kama anayetaka kumwonyesha vizuri, akakiachia. Kilivunjikavunjika kwenye saruji.

"Pole, Komanda," alisema. "Imeniponyoka."