Mashine namba tisa ilimnyima Akinyi kazi, na niliyeijenga ni mimi

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya.

Mimi ni fundi wa network kwa kampuni moja ya internet hapa mjini. Bosi alitaka kuajiri mtu mmoja tu, akaniambia niandae lab ya interview. Watu kumi, kila mmoja na kompyuta yake ya kuigiza, zote ndani ya server moja.

Sasa, ukijenga image, yaani faili lenye kompyuta nzima ndani, unaisafisha kabla ya kuinakili. Unafuta machine-id, ile alama ambayo mashine hujitambulisha nayo kwenye network. Usipofuta, nakala zitagombania address moja, ile namba ya kupokelea mawasiliano.

Nilisafisha vizuri, nikatoa nakala tisa. Ya kumi ikaharibika.

Asubuhi ya interview, mbio mbio, nikanakili ile ya tisa ambayo nilikuwa nimeshaiwasha, na mashine ikishawaka inajipa alama upya. Kosa la mwanafunzi, na mimi nafundisha watu kazi hii.

Mtu wa tisa hakuja. Mashine yake nikaiacha ikiwaka.

Kwenye ya kumi alikaa Akinyi, binti wa mtaa wa Otonglo. Mama yake huuza nyanya pale kando ya barabara, na Akinyi alikuwa ametafuta kazi tangu amalize chuo. Mawasiliano yake yakawa yanashika, yanakatika. Akainua mkono.

"Sir, kuna mashine ingine inatumia address yangu."

Bosi akaniangalia. Nikajibu mbele ya wote, "Haiwezekani. Hiyo image nimejenga mwenyewe. Wewe fanya kazi."

Kiburi, wakuu. Sina jina lingine la kukipa.

Mimi ndiye niliyesahihisha karatasi walizojazia majibu. Nikaona ya Akinyi imekwama ukurasa wa kwanza, nikampa sifuri. Kazi akapewa mwingine.

Jumatatu iliyofuata, nikizima lab, nikakuta mashine ya tisa na ya kumi zina alama moja. Nikafuta mashine zote, nikanyamaza miezi mitano.

Wiki hii nimeshindwa kuvumilia. Nikaenda Otonglo, nikamkuta Akinyi kwenye meza ya mama yake, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Aliendelea kupanga nyanya.

"Si niliandika, sir? Kwa ile karatasi. Page ya pili."

Ukurasa wa pili sikuwa nimeufungua.

Leo nimeutoa kwenye faili. Mwandiko safi kabisa: "Ni namba tisa. Tafadhali izimwe tu, nitamaliza."

Nilichojifunza ni kwamba kila nakala isafishwe, hata kama umechelewa. Na mtu akikwambia kazi yako ina kosa, angalia kwanza, ndio ujibu.

Karatasi iko mbele yangu. Bosi yuko chumba cha pili. Naogopa, sitaficha.

Mliowahi kukiri kitu kama hiki kazini, mlianza na neno gani? Niandikieni sasa hivi, kabla sijabisha huo mlango.