Mume Wangu Amenichukulia Kamba Yangu ya Nguo

Admin, nifichie jina, maana mume wangu naye anafuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Bukavu, fundi cherehani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi. Mume wangu anafundisha kompyuta kambini. Alinisihi nijifunze ili niweke humo vipimo vya wateja wangu, nikakubali. Jamani, ile mashine ilinitesa! Unafungua dirisha, linafunika lingine. Unahifadhi kitu, kesho hukioni mpaka ukumbuke jina ulilokipa. Mimi wateja wangu nawakumbuka kwa vitenge vyao. Nikamwambia kwa hasira kwamba aliyeipanga hivyo hajawahi kushona hata kifungo.

Akacheka, akaniuliza mimi ningeipangaje. Nikamchorea kwa chaki kwenye karatasi ya kukatia: kamba ndefu kama ile ya kibandani kwangu, kila mteja ananing'inia na kipande cha kitambaa chake, vipimo na picha vimebanwa hapo hapo. Hakuna kufunikana. Na nguo za walioondoka bila kuzichukua, waliohamia Amerika au waliofariki, zinageuzwa ndani nje. Huzigusi kwa bahati mbaya, lakini pia huzitupi. Ndivyo ninavyofanya tangu mama yangu afariki gauni lake likiwa bado kwenye cherehani. Mume wangu ndiye aliyenisaidia kulitundika.

Baadaye akaniomba nimshonee suti, ana mkutano Lilongwe na shirika moja. Nilimshonea kwa moyo wote. Siku ya mkutano nami nilikuwa soko la Mchesi, huko huko Lilongwe, kununua nyuzi, nikamaliza mapema, nikasema niende nikamshangaze. Nikaingia ukumbini polepole, nikakaa nyuma. Kamba yangu, ule mchoro wangu wa chaki, ilikuwa ukutani, kubwa, na yeye ndani ya suti yangu anaeleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa peke yake. Mama mmoja akauliza kwa nini nguo nyingine zimegeuzwa. Mume wangu akajibu kwamba ni urembo tu.

Gauni la mama yangu, urembo tu. Nilitoka kabla hajaniona.

Jioni nilimuuliza. Hakukana.

"Mama ya batoto, bale bantu habawezi kusikiliza fundi wa cherehani," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu. "Mi njo najua kusema nabo. Hii kazi ni ya nyumba yetu."

Angeniomba, ningempa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuona hata haja ya kuniomba. Na kazi amepata kweli. Sasa shirika linataka sehemu iliyobaki, jinsi mafundi wengi watakavyotumia kamba moja bila kuchanganya nguo. Yeye hajui. Kila siku ananibembeleza nimchoree, sauti tamu kama ya enzi za uchumba. Nikikataa, kazi itampotea na watoto ndio watakaoumia. Nikikubali, nitakuwa nimemkabidhi mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na jina langu halitatajwa popote.

Mchoro ninao, umekamilika kichwani. Jumatatu anatakiwa kuukabidhi kwa shirika. Leo asubuhi alinipa ile suti niipige pasi, nikaipiga. Nilipogeuka nikakuta nimeitundika ndani nje, pembeni ya gauni la mama, upande wa walioondoka.

Bado iko pale, na yeye yuko njiani kurudi. Ndugu zangu, nishaurini: niigeuze, au niiache hivyo hivyo aione?