Ndoo ya Buluu ya Delia Fallon

"Chombo alichokitoboa binadamu, Bartley Mongan atakiziba! Nikishindwa, niiteni Winnie, na Winnie mumwite mume wangu!"

Bartley aliyasema hayo kwenye mnada wa ng'ombe mjini Roscommon, Ireland, bia nyeusi mkononi, watu wamemzunguka. Winnie, mkewe, alikuwapo. Akamjibu, "Siku hiyo ikifika, sketi yangu haikutoshi."

Bartley alikuwa fundi wa mabati kama babake na babu yake, mtu wa kuzunguka na gari la farasi. Ila baridi ikianza kuuma, familia ilikuwa na pahali pamoja tu pa kuegesha: pembe ya shamba la akina Fallon, nyuma ya ukuta wa mawe unaokinga upepo. Kodi hakulipa. Alimzibia Delia Fallon kila sufuria na kila ndoo iliyotoboka mwaka mzima, yakaisha.

Novemba ile Delia alimletea chombo kimoja. Ndoo ya plastiki, ya buluu, ina tundu kitakoni.

"Nyingine ziko wapi, mama?"

"Za bati nimezitupa. Si ulitangaza kwamba unaziba chochote?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini majirani wawili walikuwa wameegemea lango wanatazama, na akili ya Bartley haikupenda watazamaji. Akafanya alivyofundishwa: akakanda unga kidogo, akauzungusha kandokando ya tundu ili lehemu, risasi ya kuyeyusha, isitiririke, akatoa chuma cha kulehemia motoni, akakigusisha.

Ndoo ikapiga chafya ya moshi. Tundu la kupita kidole likawa la kupita kichwa. Donge la unga likadondoka chini, limeiva upande mmoja.

"Angalau mkate tumepata," jirani mmoja akasema.

"Baba watoto, omba radhi," Winnie akanong'ona.

"Nimwombe nani? Ndoo?"

Delia hakucheka wala hakufoka. Afadhali angefoka.

"Hujanikosea, Bartley. Ila mume wangu anaitaka pembe ile kwa ndama wake. Miaka yote namwambia tuwaache, fundi tunamhitaji." Akaitazama ndoo. "Sasa nikamwambie nini?"

Asubuhi Bartley na familia yake wakafunga farasi, wakahamia kando ya barabara ya Longford, ambako upepo huingia bila kupiga hodi. Kabla ya Krismasi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akikusanya vyuma chakavu.

Chuma chakavu, mwaka ule, kilikuwa pauni saba tu kwa tani nzima.